Mpango wa Kantini

Ghalib aliingia ofisini bila hodi, kama kawaida yake, mkononi ana bakuli la kaimati. Akaliweka mezani kwa Genoveva, juu ya mafaili kabisa, akavuta kiti cha wageni na kukaa kama mwenye ofisi.

"Kula, Bi Genoveva. Mama watoto kapika leo kwa ajili ya Ijumaa. Wewe ulitaka kutulisha sisi tukakataa, basi tumeona haya, leo sisi tunakulisha wewe."

Genoveva alikuwa na njaa. Akachukua moja akaitia mdomoni. "Mmekataa nini tena?"

"Kantini yenu! Ushasahau? Sote tumetia alama pale pa kukataa, hata mmoja hakuteleza, maana nilisimama mwenyewe mlangoni nikiwaambia. Mwambie bosi ahsante sana, nguruwe wake ale yeye na wanawe, sisi atuongezee hizo senti kwenye mshahara kama ulivyoandika. Nyie wala senene tumbo lenu halichagui. Letu sisi linachagua."

Utani huo ulikuwa wa kila siku. Ghalib, mtu wa Unguja, alikuwa msimamizi wa mashine za pasi. Genoveva alikuwa Mhaya wa Bukoba, na tangu siku aliyomwambia kwamba kwao senene, wale panzi wa kukaanga, ni kitoweo cha heshima, hakuachwa apumue. Siku nyingine angemjibu, na jibu alikuwa nalo, la papa mkavu na harufu yake. Siku hiyo aliacha kutafuna kaimati. Akaisukuma kwa maji, akamtazama Ghalib usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Bwana Ghalib. Ile fomu wewe ulijua ni ya chakula?"

"Si umeandika mwenyewe? Mpango wa Kantini."

Jamani! Mtu unaweza kufanya kazi kwa uangalifu mwaka mzima, neno moja likaja likakuvua nguo hadharani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha udobi, nyuma ya University Boulevard, kule Adelphi upande wa Maryland, nje kidogo ya Washington. Shuka za hospitali na taulo za mahoteli ziliingia chafu kwa mlango huu, zikatoka zimepigwa pasi kwa mlango ule. Miaka yote wafanyakazi walikuwa na bima ya matibabu ya aina moja, na wala mtu hakuulizwa. Ukishaajiriwa, umo, wewe na mkeo na wanao. Mwaka ule wa 1985 makao makuu yakaleta mtindo mpya, uliokuwa umezikumba kampuni nyingi za Marekani. Kila mfanyakazi achague mafao yake mwenyewe: huyu achukue bima kubwa, yule ndogo, huyu aongeze ya meno, yule ya maisha, na asiyetaka chochote aongezewe kidogo kwenye mshahara. Na kwa kuwa mtu anachagua kama anayepita na sinia mbele ya masufuria, Wamarekani wakaupa mpango huo jina la mkahawa, Cafeteria Plan. Watu hawa hata ugonjwa wataupa jina la chakula, na hakuna atakayewauliza.

Genoveva ndiye aliyekuwa karani wa mafao. Kuanzia kiangazi alikuwa akihangaika na mpango huo, kupiga hesabu, kulinganisha bima hii na ile, kumweleza bosi wake mambo ambayo bosi mwenyewe alitakiwa amweleze yeye. Bosi, Bwana Whitlock, alipomwambia aandike tangazo la Kiswahili kwa watu wa pasi na wa magari, aliliandika haraka, kwa kujiamini. Neno lile alikuwa amelisikia mara nyingi mno, kwake halikuwa na harufu ya chakula tena. Akaandika kwa herufi kubwa: MPANGO WA KANTINI. CHAGUA MWENYEWE. ASIYETAKA ATAONGEZEWA MSHAHARA. Maelezo zaidi, akasema, yatatolewa kwenye mkutano, Ijumaa, saa ya chakula cha mchana.

Hebu fikiria, Ijumaa mchana! Wenzake wote wale ni Waislamu, saa hiyo wapo chumba cha makabati wametandika miswala, na yeye anajua, maana amewapita pale kila wiki kwa miaka mitano akitembea kwa ncha za viatu asiwasumbue. Ijumaa hiyo, wiki moja kabla ya hizo kaimati, hakuja mtu kwenye mkutano. Genoveva akajisemea kwamba wameshaelewa. Na kantini ya kweli ilikuwepo palepale kiwandani, ikipika nguruwe asubuhi na nguruwe mchana, hata maharage waliyatia nguruwe. Watu wakasoma tangazo, wakatazamana, wakatia alama pale penye "sitaki," wakarudi kwenye shuka zao wakiwa na furaha ya mtu aliyeshinda.

Sasa Genoveva alikuwa amesimama, ameshika kingo za meza.

"Hiyo si kantini, Bwana Ghalib. Ni bima. Bima ya hospitali. Mmekataa hospitali."

Ghalib alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu likachukua muda kuondoka. "Lakini ile ya zamani si ipo?"

"Haipo. Inakufa mwisho wa Desemba. Aliyetia alama ya kukataa, kuanzia Januari hana kitu. Na akishakataa hawezi kurudi mpaka mwaka uishe."

"Yaa Rabbi," Ghalib akasema taratibu. "Na mie ndiye niliyesimama mlangoni."

Siku ya mwisho ya kuchagua ilikuwa hiyohiyo. Saa kumi jioni wakala wa bima angefika kuzichukua fomu, na wakati huo saa nane ilikuwa imeshapita. Genoveva akafungua kabati, akazitoa fomu za watu wa pasi na wa magari, akaanza kuzipekua. Sitaki. Sitaki. Sitaki. Alama zilikuwa nzito, za watu wenye hakika. Akaacha kupekua alipofika kwenye fomu ya Othman, dereva, kwa sababu alimjua mkewe.

Mkewe aliitwa Mwatime. Wiki iliyopita tu walikutana dukani, Genoveva akamshikia mfuko wa unga. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mtoto wa kwanza alikuwa ametolewa kwa upasuaji, mama mwenyewe akaponea chupuchupu, na safari hii daktari alikuwa ameshasema hakuna kujaribu, ni kisu tu, mwisho wa Januari. "Lakini safari hii sina wasiwasi, dada," Mwatime alimwambia, mkono mmoja kiunoni. "Bima ya kina Othman ipo." Genoveva akamjibu, "Ipo, mdogo wangu, usiogope." Alisema hivyo kwa mdomo wake. Kuzaa kwa kisu bila bima katika nchi ile ni kujifunga deni la nyumba ambayo huna, na hospitali nyingine hazikupi hata kitanda kama hujaonyesha kadi.

Akaenda kwa Bwana Whitlock. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye upole wake ulikuwa unatisha kidogo kwa sababu haukubadilika hata alipokuwa akimwachisha mtu kazi.

"Kuna watu wa pasi wanataka kubadilisha fomu," Genoveva akasema.

"Wote?"

"Wengi."

"Kuna shida gani? Tangazo halikueleweka?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini kabla ya ofisi hiyo alikuwa amefagia ofisi za watu miaka minne, akishuka kwenye treni ya Takoma alfajiri na ndoo, na dawati lile alilipata kwa shida. Akasikia mdomo wake ukisema, "Lilieleweka. Wamebadili mawazo tu."

Bwana Whitlock akatazama saa yake. "Kabla ya saa kumi hakuna tatizo. Wasaini wenyewe, kwa mikono yao. Nasema kwa mikono yao, Genoveva. Mwaka juzi kuna kampuni ilishtakiwa kwa saini za kughushi."

Akarudi mbio, akachukua fomu mpya, wakashuka na Ghalib mpaka kwenye mashine. Joto la pasi lilimpiga usoni. Huko chini hata ukipiga kelele husikiki, kwa hiyo Ghalib akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akaenda kwenye swichi kubwa akazima kila kitu. Mashine zikapiga miluzi, zikanyamaza. Watu wakageuka.

"Sikilizeni!" akasema Ghalib. "Mie mjinga. Kwanza nataka mjue hivyo. Sasa msikilizeni dada."

Genoveva akawaeleza. Sauti yake ilikuwa kavu. Aliposema kwamba kantini ni bima, mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mzaha, kisha kicheko kikakatika. Mahfudha, mwanamke mtu mzima wa Mombasa aliyekunja shuka kwa miaka yote ya kiwanda hicho, akaziacha shuka zikaanguka sakafuni.

"Wewe mwana wewe, kwani hukuweza kuandika 'bima'? Neno si lenyewe? Mie ni mgonjwa wa sukari, ungeniua!"

"Nilikosea, mama."

"Umekosea! Basi lete hiyo kalamu upesi, maneno yako nitakupa Jumatatu, na yatakuwa mengi."

Wakasaini juu ya mashine zilizokuwa bado na moto, juu ya vikapu, juu ya mgongo wa mtu. Ghalib akapita kwa kila mmoja akisimamia kwa ukali, utadhani anasimamia kura. Walionung'unika aliwanyamazisha, walioanza kuuliza habari za meno akawaambia meno ni ya mwakani. Zilipokusanywa zote, Genoveva akazipitia akiwa wima. Akarudia tena, mwisho akainua uso.

"Othman yuko wapi?"

Mmoja wa wapakiaji akasema, "Othman leo yupo Manassas. Kapeleka shuka za hospitali ya huko."

Manassas ni mbali, ng'ambo ya mto, ndani kabisa ya Virginia. Siku njema ni mwendo wa saa nzima, na Ijumaa jioni, watu wote wa Washington wakiwa barabarani wanarudi kwao, Mungu peke yake ndiye anayejua.

Genoveva akapiga simu kwenye bohari la hospitali hiyo. Aliyepokea akasema dereva yupo anashusha mizigo, hawezi kumwacha aingie ofisini na viatu vyake vya kazi, lakini atampa ujumbe. Genoveva akamsihi. Akakata simu, akakaa akiitazama. Ghalib naye akabaki amesimama mlangoni, hakai, harudi kwenye mashine zake. Kwa kukosa la kufanya Genoveva akapiga simu nyumbani kwa Othman, labda amempigia mkewe. Ikapokelewa na binti yao, mtoto wa miaka sita. Genoveva akamuuliza kwa Kiswahili mama yuko wapi, mtoto akamjibu kwa Kiingereza kwamba mama amelala, mgongo unamuuma, je amwamshe?

"Usimwamshe," Genoveva akasema. Angemwambia nini?

Saa tisa na ushei simu ikalia. Othman alikuwa kwenye simu ya sarafu nje ya kituo cha mafuta, magari yakimpita.

"Dada, wamesema unanitafuta. Mwatime ana nini?"

"Mwatime hana neno. Sikiliza, Othman. Ile fomu uliyokataa si ya chakula. Ni bima."

"Bima gani?"

"Ya hospitali. Ya Mwatime. Umekataa bima ya Mwatime."

Othman, mtu wa Pemba ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, akaipandisha. "Mimi nimekataa kantini! Karatasi imesema kantini, nimeisoma kwa macho yangu! Sasa mnanigeuzia maneno. Nani kaandika kantini?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe unayemjua mke wangu?"

"Mimi ninayemjua mkeo. Nimekosea, Othman. Unaweza kufika hapa kabla ya saa kumi?"

"Kabla ya saa kumi mimi si ndege!" akasema, na sauti ikamvunjika. "Naja. Mwambie huyo mtu asubiri. Mpigie magoti kama hapana budi. Naja." Simu ikakatika.

Wakala wa bima alifika saa kumi kasorobo, kana kwamba alikuwa ametumwa na shetani. Alikuwa bwana mnene mwenye uso wa ucheshi, akamsalimia kila mtu, akakubali kahawa. Walikaa ofisini kwa Bwana Whitlock, fomu katikati ya meza. Genoveva akasema kuna dereva mmoja yupo njiani, amezungumza naye kwa simu, anataka bima, mkewe ana mimba ya miezi saba, je wanaweza kumsubiri?

"Ningekuwa na ndege ya kupanda asubuhi ningekusubiri," akasema wakala. "Ndege yangu ni leo jioni. Nusu saa nakupa, si zaidi. Na ya kwenye simu siichukui. Fomu ikisema hapana, ni hapana. Akizaliwa mtoto aleteni jina lake, tutamwingiza."

"Bili ya kuzaa itakuwa imeshaingia kabla yake."

Wakala akainua mabega. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na ndege ya kupanda.

Genoveva akaomba ruhusa akatoka. Korido ilikuwa tupu, isipokuwa Ghalib. Akamvuta mkono mpaka penye mashine ya kahawa.

"Msainie," Ghalib akanong'ona. "Saini yake naijua, mkwaruzo mmoja tu, hata mtoto anaweza. Mwenyewe kashakubali kwenye simu, si wizi huo. Nani atajua?"

Kalamu ilikuwa mkononi, na fomu safi ilikuwa chini ya kwapa. Msimlaumu kwa kuiweka ile fomu ukutani na kushusha kalamu mpaka karibu na mstari. Yeyote angefanya hivyo. Lakini miaka mitano ya dawati lile ilikuwa imemfundisha jambo moja: bima hailipi bili kubwa kabla ya kuchunguza, na bili ya Mwatime ingekuwa kubwa. Wangeileta fomu wakailinganisha na saini za Othman kwenye stakabadhi zote za gari. Na wangefanya hivyo wakati gani? Mwatime akiwa amelazwa, ameshapasuliwa, mtoto pembeni. Hapo wangesema saini si yake, bima ni batili, na Othman ni mwongo. Akaiondoa fomu ukutani.

"Haitamsaidia," akasema. "Itamwangusha akiwa kitandani."

"Basi tufanye nini?"

Genoveva akarudi ndani, akauliza akiwa amesimama: "Kuna njia nyingine yoyote ya kuibatilisha ile fomu?"

Wakala akasugua kidevu. "Ipo moja. Ikiwa ofisi yenyewe ndiyo iliyompotosha mfanyakazi. Aliyempotosha aandike alikosea wapi, asaini jina lake na tarehe. Fomu inafutwa, dereva wako anapewa wiki nzima ya kuchagua upya. Lakini nadra sana watu kuniandikia hiyo."

"Kwa nini?"

Bwana Whitlock ndiye aliyejibu, kwa upole wake uleule. "Genoveva, saa nane uliniambia tangazo lilieleweka."

"Nilikudanganya."

Wakala akaitazama kahawa yake.

"Basi nami nikwambie ukweli," akasema Bwana Whitlock. "Karatasi hiyo itakwenda makao makuu pamoja na fomu. Hawawezi kumwacha mtu aliyekiri kosa kama hilo akae kwenye dawati la mafao. Hawataniuliza mara mbili na mimi sitawapinga. Wengine wote wameshasaini. Amebaki mmoja. Huenda akafika."

Alisema "huenda akafika" kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Na Genoveva alikitaka hicho kiti, tusidanganyane. Alitaka kukaa na kusubiri, na kama Othman hakufika, iwe ni foleni ya Virginia iliyomponza na si yeye. Akatazama dirishani. Barabara ya nje ilikuwa imejaa magari, taa nyekundu za nyuma zikiwa zimesimama mfululizo mpaka macho yanapoishia. Dakika zikapita. Wakala akavaa koti mkono mmoja, akaulizia choo, akarudi, akavaa mkono wa pili. Lori la Othman halikuonekana.

Akapata hasira. Hasira ya kweli: kwa Bwana Whitlock na upole wake, kwa mtu aliyeketi makao makuu akaipa bima jina la mkahawa na leo hayupo hapa kuulizwa, kwa ndege ya wakala, na zaidi kwa nafsi yake iliyomwambia mjamzito "usiogope" dukani, unga mkononi.

"Nipeni karatasi," akasema.

Akaandika kwa Kiingereza, bila kukaa. Kwamba yeye, Genoveva, ndiye aliyeandika tangazo la Kiswahili, na kwamba neno alilotumia maana yake ni mahali pa kula. Kwamba Othman alikataa chakula na hakukataa bima. Akasaini. Wakala akaichukua, akaisoma, akainua macho.

"Mahali pa kula?" akauliza. "Walidhani tunawapikia?"

"Walidhani mnawapikia nguruwe."

Wakala akacheka mpaka akashika meza, bila ubaya wowote. Bwana Whitlock hakucheka. Wakala akaitia karatasi ndani ya mkoba pamoja na fomu, akawaaga kwa mikono, akaenda zake. Bwana Whitlock akabaki akipanga kalamu zake. "Malipo yako ya wiki hii yatakuja kwa posta," akasema. "Pole sana." Na inawezekana kabisa kwamba alikuwa anasema kweli.

Giza lilikuwa limeshaingia Othman alipofika. Lori aliliacha katikati ya ua, mlango wazi, akapanda ngazi mbiombio mpaka ofisini, jasho linamtoka na hali nje ni baridi. Kalamu alikuwa ameishika kabisa mkononi.

"Nisaini wapi?"

"Pumua kwanza, Othman."

"Kaondoka? Dada, niambie, kaondoka?"

"Ameondoka. Lakini fomu yako imefutwa. Umepewa wiki nzima, utachagua upya. Mwatime yumo."

Othman akaegemea mlango. Akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. Aliposhusha mikono macho yalikuwa mekundu. "Nilikupigia kelele kwenye simu."

"Ulikuwa na haki."

"Basi Jumatatu nakuja kwako asubuhi, kabla ya gari."

"Jumatatu nenda kwa Bwana Whitlock. Nimemwachia fomu yako mezani kwake. Chukua ile bima kubwa, usikubali akupe ndogo. Mimi sitakuwepo."

"Unasafiri?"

Othman akatazama meza, na hapo ndipo alipoona kwamba haina kitu. Droo zilikuwa wazi. Koti lake Genoveva alikuwa ameshalivaa, na viatu vyake vya ofisini vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kikombe na bakuli tupu la watu.

"Wamekuachisha," akasema Othman. "Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya kantini."

Alijaribu kucheka, lakini Othman hakucheka naye. Alikuwa amesimama mbele yake anamtazama kwa namna ambayo kwa miaka mitano hakuna mtu aliyewahi kumtazama pale ofisini, maana watu huja kwa karani wa mafao kuuliza habari zao.

"Na wewe je, dada?" akamuuliza. "Ukiumwa?"

Genoveva akafungua mdomo amjibu. Swali hilo alikuwa ameulizwa na kila mtu wa kiwanda kile, na kila mtu alimpa jibu lake bila kufungua kitabu. Akageuka kulitazama kabati la mafaili, nusu hatua, kana kwamba jibu lake lingekuwemo.

"Bima yangu imeisha leo," akasema, na ndipo aliposikia mwenyewe alichokisema.